Gramu 84 kwa Tani

Maji ya bahari hayageuki chumvi nzuri kwa kuachwa juani tu. Jua lingekuwa ndilo fundi, kila dimbwi linalobaki ufukweni Rasbura, hapa Lindi, maji yakipwa lingetupatia chumvi ya kutia mchuzini. Halitupatii. Kinachobaki pale ni ukoko wenye chokaa, mchanga na uchungu unaong'ang'ania ulimi. Chumvi nyeupe, kavu, inayomwagika vizuri kutoka kiganjani ni kazi ya mkulima wa chumvi, mtu anayejua kuyaongoza maji, kuyasubiri, na kuyaacha yaende zake saa yake ikifika.

Naipenda kazi hii kwa moyo wote. Ninachotaka hasa kuisifia, hata hivyo, ni hatua yake ya mwisho, ambayo haina mandhari yoyote na hakuna mgeni anayeipiga picha: kuitia chumvi madini joto kabla haijafungwa kwenye viroba. Ufundi wa hatua hiyo unaishia kwenye tezi ndogo iliyomo shingoni mwa kila mmoja wetu. Ukiitazama tezi hiyo inavyofanya kazi, utaelewa kwa nini anayepima madini joto anatakiwa awe mtu wa mkono mtulivu.

Tuanze na maji. Bahari ikijaa bamvua, maji hupanda kwenye vijito vya mikoko hadi kufika kwenye tambarare ambako maji mafu hayafiki, na hapo lango la bwawa kubwa hufunguliwa. Ukichelewa siku mbili tatu, utangoja bamvua nyingine, karibu wiki mbili. Katika pwani ya Lindi na Kilwa msimu wenyewe ni kiangazi, kuanzia Juni hivi hadi Novemba, anga likiwa kavu na upepo ukifanya nusu ya kazi. Mvua moja kubwa isiyotarajiwa huweza kuirudisha kazi ya wiki nyingi kuwa maji.

Bwawa la kwanza ni la kutulizia tope. Kutoka hapo maji hupitishwa kwenye majaruba ya kina kifupi, moja baada ya jingine, na katika kila jaruba huacha kitu. Lita moja ya maji ya bahari ina takriban gramu 35 za chumvichumvi za aina mbalimbali, nazo hazitui chini pamoja. Chokaa hutangulia. Hufuata jasi, ile ile inayochimbwa wilayani Kilwa kwenye matabaka yaliyoachwa na bahari za kale, zilizokauka zenyewe mamilioni ya miaka kabla ya mtu yeyote kushika koleo. Chumvi ya kula hungoja mpaka maji yapungue na kubaki karibu sehemu moja ya kumi. Mwenye haidromita, kile kipimo cha kioo kinachoelea, hukiona kikipanda kutoka nyuzi 3.5 za Baumé kwenye maji mapya hadi 25 na ushee, na hapo ndipo anapoyafungulia maji jaruba la kuvunia. Asiye nacho huyasoma maji kwa uzito wake mkononi na kwa rangi yake, maana maji yaliyokolea sana huingia wekundu wa vijidudu vinavyostahimili chumvi.

Simama ukingoni mwa jaruba hilo la mwisho asubuhi ambayo upepo haujaamka. Juu ya maji hutokea vipande vidogo vyeupe vya pembe nne, vyenye shimo katikati, vikielea ncha ikiwa chini. Kila kimoja hukua kwa kuongezewa kingo, ukingo juu ya ukingo, hadi uzito wake unakizamisha. Upepo ukiyatikisa maji, vipande huzama vikiwa vichanga na chumvi huwa ya chembe ndogo; utulivu ukidumu, vipande huwa vikubwa na vizito. Vikishafika chini huendelea kunenepa na kushikana mpaka sakafu nzima ya jaruba inalia chini ya koleo.

Kisha unakuja uamuzi ambao hautaki pupa wala woga. Ukivuna mapema, umeiacha chumvi majini. Ukichelewa na maji yakapita nyuzi 29 hivi, magnesiamu huanza kutua juu ya chumvi yako, ikaifanya chungu, na ikaifanya inyonye unyevu wa hewa mpaka kiroba kinatota. Kwa hiyo mkulima stadi huyamwaga yale maji machungu yaliyobaki ijapokuwa bado yana chumvi ndani yake. Halafu huisuuza chumvi kwa maji ya chumvi yaliyokolea, asiiguse kwa maji baridi ya kisima, ambayo yangeiyeyusha mbele ya macho yake.

Na katika maji hayo machungu anayoyamwaga ndimo iodini inamoondokea.

Iodini, ambayo kliniki zetu huiita madini joto, imo baharini, lakini ni kidogo mno: kama mikrogramu 60 katika lita, na mikrogramu ni sehemu moja ya milioni ya gramu. Kilo moja ya chumvi inahitaji karibu lita 40 za maji ya bahari, kwa hiyo hata iodini yote ingebaki, kilo hiyo ingekuwa na miligramu 2 na kidogo tu. Nayo haibaki. Sehemu kubwa hukaa kwenye maji machungu, na nyingine huruka hewani. Chumvi ya jua, hata ikiwa nyeupe kiasi gani na imevunwa hatua chache kutoka pwani, haimtoshelezi mtoto.

Hapa ndipo watu wa pwani tulipojiamini kupita kiasi kwa muda mrefu. Rovu, ule uvimbe wa tezi ya shingo, tuliliona ni ugonjwa wa watu wa milimani, wa Iringa, Mbeya na Kilimanjaro, ambako mvua za karne na karne zimeisuuza iodini kutoka kwenye udongo. Sisi si tunakula samaki? Watafiti waliochunguza shingo za maelfu ya wanafunzi wa Zanzibar, na matokeo yao yakachapishwa mwaka 2006, walikuta tezi zilizovimba kwa asilimia 21 ya watoto wa Unguja na asilimia 32 ya watoto wa Pemba. Mkojo wa watoto wa Pemba ulikuwa na iodini kidogo mno, na karibu hakuna kaya kule iliyokuwa ikitumia chumvi yenye madini joto. Pemba, kisiwa cha wavuvi! Samaki ana iodini, ni kweli, lakini hayumo katika kila sahani kila siku, na mtoto anayekula ugali wa muhogo kwa mchuzi mwepesi wa dagaa hakifikii kipimo. Lindi na Mtwara nazo zimekuwa zikionekana nyuma katika tafiti za kitaifa za matumizi ya chumvi hiyo, na sababu yake huniuma: tunavuna chumvi yetu wenyewe, iko karibu, ni ya bei nafuu, na mara nyingi hufika jikoni kabla haijapita mikononi mwa mtu wa kuitia iodini.

Kipimo kinachotakiwa ni mikrogramu 150 kwa siku kwa mtu mzima na 250 kwa mjamzito. Kusanya za miaka 70 na hazitajaza kijiko cha chai. Kwa hicho kijiko kisichojaa, tezi ya shingo huendesha mwili mzima tangu utotoni hadi uzeeni.

Tezi hii, thairoidi, imekaa mbele ya koo, chini kidogo ya kongomeo. Ina mbawa mbili zilizounganishwa na daraja jembamba lililolalia bomba la hewa, na kwa mtu mzima ina uzito wa kama gramu 20. Daktari akikushika shingo na kukuambia umeze mate, anaitafuta hiyo, kwa sababu hupanda na kushuka pamoja na koo. Ndani yake kuna vifuko vingi visivyohesabika, vya mviringo, kila kimoja kikiwa na upana wa wastani wa sehemu ya tano ya milimita. Ukuta wa kifuko ni safu moja tu ya seli, na katikati umejaa ute mzito. Hiyo ndiyo karakana.

Seli hizo huivuta iodini kutoka kwenye damu hadi ndani yake inakuwa nyingi mara 20 mpaka 40 kuliko ilivyo damuni, kisha huisogeza upande wa pili, kwenye ute. Ute wenyewe ni protini kubwa ajabu, thairoglobulini, ambayo seli zimeitengeneza kwa kazi hii, na juu yake zimetandazwa asidi za amino ziitwazo tairosini. Ukingoni kabisa, pale seli inapokutana na ute, kimeng'enya huichukua iodini na kuibandika kwenye tairosini: moja hapa, mbili pale. Kazi hiyo inataka haidrojeni peroksaidi, kitu kikali kinachounguza, na ndiyo sababu hufanyiwa nje, kwenye ukingo unaoelekea ute, mbali na viungo nyeti vya seli. Nikifikiria uangalifu huo, wa kufanya kazi ya moto kwenye ukingo mwembamba kuliko unywele bila kuijeruhi nyumba, nashindwa kuuzoea.

Zikishabandikwa iodini, tairosini mbili zilizokaa jirani huunganishwa. Zenye iodini mbili mbili zikiungana hupatikana thairoksini, yenye iodini nne, ambayo wataalamu huiandika T4. Yenye mbili ikiungana na yenye moja hupatikana T3. Katika protini yenye tairosini zaidi ya mia moja, homoni zinazozaliwa hazipiti chache za kuhesabu kwa vidole vya mkono mmoja. Jengo lote lile limekunjwa na kupindwa ili vipande vichache vikae kwa umbali na pembe inayofaa kukutana.

Kazi ikiisha, tezi haiitoi homoni mara moja. Huihifadhi ndani ya ute, akiba ya miezi miwili hadi mitatu, na hakuna tezi nyingine ya homoni mwilini inayoweka akiba kubwa kiasi hicho. Haja ikifika, seli humeza tone la ute, hulivunja, hutoa T4 na T3 kwenye damu, na zile tairosini zilizopata iodini lakini hazikupata mwenza huvuliwa iodini yake ikarudishwa kazini. Ni ubahili wa heshima, wa mtu anayejua thamani ya malighafi yake.

T4 haina haraka damuni. Nusu yake huondoka kwa siku saba hivi. Ini, figo, ubongo na viungo vingine huichukua na kuing'oa iodini moja, ikawa T3, ambayo ndiyo yenye nguvu hasa, na vimeng'enya vinavyoing'oa vinahitaji madini mengine adimu, seleniamu. T3 huingia hadi kwenye kiini cha seli na kuamua jeni zipi zisomwe na zipi zinyamaze. Kasi ya moyo, mwendo wa utumbo, joto la mwili, urefu wa mifupa ya mtoto, mpangilio wa ubongo wa mimba changa, yote yana mkono wake. Juu ya kazi hii kuna msimamizi, tezi ya pituitari iliyo chini ya ubongo. Homoni ikipungua damuni, pituitari hutoa homoni yake, TSH, kwa wingi kuihimiza thairoidi. Ikizidi, TSH hushuka. Daktari anayeshuku tezi huanza na TSH kwa sababu hiyo, kwani msimamizi huona kasoro mapema kabla mwenye mwili hajaisikia.

Sasa uinyime tezi iodini. TSH hupanda na kubaki juu, na tezi hufanya inachoweza: huongeza seli, huongeza mishipa ya damu, hupanuka ili inase hata chembe ya mwisho inayopita. Uvimbe unaouona shingoni mwa mama aliyejifunga mtandio kuuficha ni jitihada hiyo ya miaka mingi. Anayemcheka, au anayesema amerogwa, anamdhulumu mara mbili.

Kwetu kusini kuna jambo la kuongeza, nalo ni muhogo. Muhogo mchungu usioandaliwa vizuri huingiza mwilini sianidi, mwili huigeuza kuwa thayosianeti ili iondoke kwenye mkojo, na thayosianeti hugombania na iodini mlango ule ule wa kuingilia kwenye tezi. Mkoani Mtwara sianidi hiyo imewahi kuleta konzo, ule ulemavu wa ghafla wa miguu. Kisiwani Idjwi, katikati ya Ziwa Kivu, watafiti wa Kibelgiji walieleza mwaka 1968 kwamba watu wa kaskazini na wa kusini-magharibi mwa kisiwa walikuwa na upungufu wa iodini unaolingana, lakini rovu zilijaa kaskazini na kusini-magharibi zilikuwa chache. Uchunguzi wa miaka iliyofuata uliuonyesha muhogo kuwa ndiyo tofauti. Kwa hiyo bibi anayeuloweka muhogo siku za kutosha, akaumenya, akaukausha makopa mpaka yakawa meupe yenye kuvunjika, naye ni mlinzi wa tezi, hata kama hajawahi kulisikia jina lake.

Rovu si madhara makubwa kuliko yote. Kwa nusu ya kwanza ya mimba, kijusi hutegemea homoni ya mama, kwa kuwa tezi yake mwenyewe ndiyo kwanza inajengwa. Iodini ikikosekana sana wakati huo, mtoto anaweza kuzaliwa kiziwi, mdumavu, mwenye akili iliyofungika, na hakuna dawa ya baadaye inayoyarudisha yaliyopita. Upungufu wa wastani hauonekani usoni, ila humpunguzia mtoto uwezo wa kushika masomo. Shirika la Afya Duniani huhesabu ukosefu wa iodini kuwa chanzo kikuu duniani cha madhara ya ubongo yanayoweza kuzuilika. Mimi husoma sentensi hiyo polepole, kwa sababu neno lake zito ni la mwisho.

Yako maradhi ya tezi ambayo chumvi haina kesi nayo, au ina kesi ndogo. Kinga ya mwili huweza kuigeukia tezi na kuichakaza, kama alivyoeleza daktari Mjapani Hakaru Hashimoto mwaka 1912, na hapo mtu huchoka, husikia baridi Lindi hii hii, hunenepa bila kula zaidi, hupata choo kigumu, ngozi hukauka na sauti huwa nzito. Dawa yake ni thairoksini ya vidonge, inayomezwa tumbo likiwa tupu, kila siku, mara nyingi kwa maisha yote. Kinga hiyo hiyo huweza badala yake kuichochea tezi isijue kupumzika: moyo hupiga mbio, mikono hutetemeka, usingizi hukimbia, mwili hukonda ijapokuwa mtu anakula vizuri, na kwa wengine macho hutokeza. Hapo kuna vidonge vya kuituliza, kuna upasuaji, na kuna iodini ya mionzi, tiba inayotolewa Dar es Salaam katika Taasisi ya Saratani Ocean Road. Tiba hiyo inaitumia hamu ya tezi yenyewe: iodini yoyote inayoletwa huvutwa ndani, hata ile iliyobeba mionzi.

Upasuaji wa tezi hauna budi kutajwa katika habari za mkono mtulivu. Theodor Kocher wa Bern, Uswisi, nchi iliyojaa rovu, aliufanya maelfu ya mara. Alipoanza, wagonjwa wengi walikufa kwa damu na maambukizo. Alipomaliza, vifo vilikuwa chini ya mmoja katika mia. Alifanya kazi polepole, mshipa mmoja baada ya mwingine, akiulinda mshipa wa fahamu wa sauti unaopita nyuma ya tezi na vile vitezi vinne vidogo vinavyotunza kalisiamu ya damu. Mwaka 1883 alitangaza hadharani kwamba wagonjwa aliowaondolea tezi yote walikuwa wakidhoofika mwili na akili. Kutoka kwenye taarifa hiyo dunia ilianza kuelewa tezi hii ni ya nini, na mwaka 1909 alipewa Tuzo ya Nobel.

Uswisi ndiyo iliyotangulia kuuza chumvi yenye iodini, mwaka 1922, na Michigan huko Marekani ikafuata mwaka 1924. Kwetu, katika miaka ya 1980, kiasi cha robo ya watoto wa shule waliochunguzwa Tanzania walikuwa na tezi iliyovimba. Taasisi ya Chakula na Lishe, iliyoanzishwa mwaka 1973, ilisimamia ugawaji wa vidonge vya mafuta yenye iodini katika wilaya zilizoathirika zaidi, na miaka ya 1990 sheria ikataka chumvi yote ya kula itiwe madini joto. Kufikia mwaka 2004 robo ile ilikuwa imeshuka hadi asilimia 7. Watoto waliookolewa hapo hawajijui. Wako madarasani, wako baharini, wengine sasa ni wazazi.

Anayeifanya kazi hiyo katika kiwanda kikubwa ana mashine. Mkulima mdogo wa Lindi ana bomba la mgongoni, turubai na koleo, na ufundi wake ndio ninaouvulia kofia. Tuseme anataka miligramu 50 za iodini katika kila kilo, ili hata nyingine ikipotea njiani ibaki ya kutosha. Tani moja inahitaji gramu 50 za iodini. Malighafi ni potasiamu iodeti, unga mweupe unaostahimili joto na unyevu wa nchi zetu kuliko iodaidi iliyotumika Ulaya, na asilimia 59 ya uzito wake ni iodini. Basi unga anaouhitaji ni gramu 84, ambazo hazijazi kikombe cha kahawa. Kiroba cha kilo 50 kinahitaji gramu 4.2, na mizani ya dukani ya kupimia sukari haiwezi kusoma hapo. Ndiyo maana mwenye busara hapimi kwa kiroba. Hupima kwa tani, au hutumia pakiti zilizokwisha kupimwa kwa mizani nyeti.

Gramu hizo huyeyushwa katika maji yaliyopimwa, zikorogwe hadi chembe ya mwisho ipotee, maana chembe isiyoyeyuka ni dozi ya wiki kadhaa itakayomwangukia mtu mmoja. Bomba liwe jipya na la kazi hii peke yake, lisiwe limewahi kupulizia dawa mikorosho. Chumvi iwe imekwisha kuchuja maji yake, la sivyo dawa itateremka pamoja nayo na kuishia ardhini. Hutandazwa juu ya turubai tabaka la vidole vichache, mpulizaji hutembea kwa mwendo mmoja, mkono wa pampu ukienda sawasawa na hatua, mwenzake nyuma akigeuza kwa koleo kutoka chini kwenda juu; kisha hupulizwa tena na kugeuzwa tena. Anayesimama kujibu simu huku pua ya bomba inatoka ameshaharibu mita moja ya turubai. Utafiti uliofanywa katika vituo vitatu vya chumvi vya pwani ya kaskazini ya Tanzania, ukachapishwa mwaka 2008, ulihusu mambo haya haya: namna ya kuchanganya, kupuliza na kukausha kwa bomba la mkono na la mgongoni, na namna ya kuziboresha. Nafurahi kwamba kuna wanasayansi walioona mwendo wa mpulizaji unastahili kupimwa.

Kuzidisha nako ni kosa, na tezi ina kumbukumbu nalo. Iodini ikiingia nyingi ghafla, tezi yenye afya husimamisha utengenezaji wa homoni kwa siku chache, kama walivyoonyesha watafiti Wolff na Chaikoff mwaka 1948, kisha hurekebisha mambo. Lakini tezi ya mtu mzima iliyoishi na njaa miaka mingi huwa imeota vinundu visivyosikia amri ya pituitari, na vikipata iodini tele huachia homoni bila kiasi. Katika miaka ya 1990 wagonjwa wa namna hiyo waliongezeka Zimbabwe na Kivu baada ya chumvi yenye iodini nyingi mno kuingia sokoni, na kwa wazee wenye moyo dhaifu hali hiyo huweza kuua. Kwa hiyo anayesema nitie nyingi kwa usalama hajaielewa kazi.

Mpulizaji mzuri, kwa sababu hiyo, hamalizi bomba likiisha. Huchota chumvi juu ya lundo, katikati na chini, upande huu na upande ule, na kila mchoto huudondoshea tone la dawa ya kupimia yenye wanga. Iodini ikiwemo, pale tone lilipoanguka hugeuka buluu au zambarau. Rangi humwambia kwamba imo na kwamba imeenea. Kiasi chenyewe huthibitishwa maabara kwa sampuli anayoitoa kwenye lundo hilo hilo. Michoto ikilingana rangi, viroba huwekwa kivulini juu ya mbao, visiguse sakafu, na kushonwa. Mmoja ukibaki mweupe, chumvi hurudi kwenye turubai na koleo huanza upya.